Namna ya kuthibitisha kwa mkono kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa

Mwanafunzi wangu wa twisheni akidai kwamba namba tasa kubwa ni kazi ya kompyuta, namwandikia ubaoni 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647. Mwanahisabati Euler aliithibitisha mwaka 1772 akiwa St. Petersburg, macho yake yakiwa karibu yamekwisha kabisa. Wewe unaona, na unayo kalkuleta ya tarakimu kumi. Namba yenyewe ina tarakimu kumi kamili.

Kwanza jua pa kuishia. Namba ikiwa na vigawo, kimojawapo hakizidi kipeuo chake cha pili, na hapa kipeuo ni 46,340 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Ukitaka kuzijaribu zote, nakutakia kila la heri.

Mimi sizijaribu zote. Kigawo tasa cha 2³¹ − 1 kikigawanywa kwa 62 lazima kibakize 1. Hilo linatokana na kanuni ndogo ya Fermat, kanuni maarufu kuhusu mabaki ya kugawanya kwa namba tasa. Kikigawanywa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Unganisha masharti hayo na zinabaki namba za aina mbili tu: 248k + 1 na 248k + 63, ambapo k ni namba nzima. Huamini? Chukua 2¹¹ − 1, ambayo ni 2,047, yaani 23 × 89. Zote mbili ukizigawanya kwa 22 zinabakiza 1. Kwa 8, ya kwanza inabakiza 7, ya pili 1. (Na uone hapo hapo kwamba 11 kuwa tasa hakukuiokoa 2,047.)

Sasa chora safu mbili, moja ianze na 63, nyingine na 249, kila mara ukiongeza 248. Utapata namba 373. Zipige msalaba zinazoishia na 5, kisha zenye jumla ya tarakimu inayogawanyika kwa 3, kisha za 7, 11, 13 na kuendelea. 249 inakufa kwa 3, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Ya kwanza kusalimika ni 311. Baada yake zote zinaanguka mpaka 1,303.

Zilizosalimika ndizo za kugawanyia. Kwa 311 kalkuleta inatoa 6905092.113. Usifute. Toa 6905092, kisha zidisha kilichobaki kwa 311: unapata 35, ndilo baki. Kwa 1,303 baki ni 226. Ukipata sifuri mahali popote, rudia hesabu, umekosea. Ya mwisho kwenye safu, 46,191, wala haihitaji kalkuleta: jumla ya tarakimu zake ni 21.

Njia hii usiipeleke kwa 2⁶¹ − 1, ingawa nayo ni tasa. Kipeuo chake kinapita bilioni moja na nusu.