Chomoa uzi mmoja, marinda yanyooke

Ukishona blauzi ya mtindo wa Uingereza wa 1901–1910, zama za Mfalme Edward VII, yenye vimarinda vyembamba kifuani, usichore mistari kwa rula na chaki. Chomoa uzi mmoja wa mtande (unaokwenda kwa urefu wa kitambaa) pale unapotaka ukingo wa rinda: ukwanyue kwa ncha ya sindano, uvute taratibu huku ukisukuma kitambaa nyuma kwa vidole. Utabaki mwanya mwembamba kama unywele, na kitambaa kitajikunja chenyewe hapohapo, kwa kuwa kimepungukiwa nguvu na kinafuata ufumwaji. Chaki huteleza, uzi hauna ujanja huo. Piga bandi (mishono ya mkono) ndogondogo milimita 2 kutoka kwenye ukingo, kisha pasi.

Uzi ukikatika katikati (na utakatika), usianze upya. Tafuta ncha yake mwishoni mwa mwanya, uendelee. Kuusugulia sabuni kavu ya mche kidogo kunausaidia kuteleza.

Fanya haya yote kabla ya kukata kipande cha mbele. Kila rinda la milimita 2 linakula milimita 4, hivyo marinda 20 yanameza sentimita 8. Mimi nilikata kwanza. Blauzi ikamfaa mpwa wangu.

Melimeli na pamba nyepesi zinakubali vizuri. Kitambaa cha kuvutika kama cha fulana hakina uzi wa kuchomoa hivi, kilicholegea sana hufumuka, na cha maua ya kuchapwa huacha mstari mweupe. Kwenye mviringo wa shingo, ambako uzi ulionyooka haufuati, rudi kwenye chaki tu.