Kuandika matarajio ya walimu na mpango wa mafunzo kazini katika shule ya Kiingereza: mwongozo kutoka Mwanza

Mwongozo huu ni kwa mmiliki au mratibu wa taaluma wa shule ndogo ya lugha ya Kiingereza, ya aina tunayoijua Nyamagana na Ilemela: vyumba vitatu au vinne ghorofani, walimu wa kudumu wachache, walimu wa muda wengi zaidi, na madarasa yanayoanza asubuhi na kuisha usiku. Nafanya kazi ya uratibu wa taaluma katika shule ya namna hiyo, na msimamo wangu ni mmoja. Matarajio ya walimu na mpango wa kuwaendeleza ni waraka mmoja. Kila jambo ambalo shule inamtaka mwalimu alifanye liandikwe sambamba na jambo ambalo shule itafanya ili aliweze. Na pale ambapo shule haina la kuandika upande wa pili, tarajio lenyewe lifutwe au lipunguzwe.

Hatua ya 1. Chora mwaka wa kazi

Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu mwalimu, chukua karatasi kubwa uandike miezi kumi na miwili, na chini ya kila mwezi uonyeshe wanafunzi wanaokuja ni akina nani. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati ya hapo wazazi huleta watoto kwa masomo ya maandalizi, kwa kuwa mtoto aliyesoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali atakabidhiwa vitabu vya Kiingereza sekondari. Novemba vijana wa kidato cha nne humaliza mtihani, nao hujiunga wakisubiri matokeo. Madarasa ya jioni ya watu wazima, yaani wauguzi, waongoza watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, wafanyakazi wa viwanda vya samaki na wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huendelea mwaka mzima kwa kiasi kidogo.

Mchoro huo utakuonyesha kwamba mwalimu anayefaa kwa watoto wa miaka kumi na mitatu walio arobaini chumbani si lazima awe yule anayefaa kwa wauguzi wanane, na kwa hiyo matarajio ya makundi hayo hayawezi kufanana neno kwa neno. Utakuonyesha pia kwamba mafunzo mazito ya walimu yapangwe kati ya Februari na Mei, kwa sababu Oktoba hadi Desemba hakuna mwalimu mwenye nguvu ya kujifunza jambo jipya.

Hatua ya 2. Hesabu saa zote, si za darasani tu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Shule nyingi zinaifahamu namba 45, lakini huhesabu vipindi peke yake. Mwalimu aliyepangiwa saa 36 za kufundisha haonekani kwenye ratiba kuwa amezidiwa, ilhali maandalizi na masahihisho yake yanafanyika nyumbani usiku bila malipo, au hayafanyiki kabisa, jambo ambalo ndilo la kawaida.

Mgawanyo ninaoupendekeza kwa mwalimu wa kudumu ni saa 24 za darasani, 10 za maandalizi, 5 za kusahihisha na 2 za mafunzo na mikutano ya mrejesho. Zinazobaki 4 ziende kwenye zamu, vikao na kuwapima wanafunzi wapya. Usisahau kwamba usiku, kwa mujibu wa sheria hiyo, huanza saa mbili usiku na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa iliyofanywa ndani yake huongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Darasa linaloisha saa mbili na nusu lina nusu saa ya namna hiyo. Fedha ni kidogo, lakini mwalimu anayerudi Kisesa au Buhongwa saa hizo anajua kama umeihesabu au hukuihesabu. Mwalimu wa muda anayelipwa kwa saa alipwe pia saa ya kikao na saa ya mafunzo. Vinginevyo usimtarajie aje.

Hatua ya 3. Andika matarajio yanayoonekana kwa macho

Sentensi kama "mwalimu awe na bidii, ajitume na aipende kazi yake" haifai kuwamo, kwa sababu watu wawili hawawezi kukubaliana kama imetimizwa. Kipimo ninachotumia ni rahisi: je, mgeni asiyemjua mwalimu angeweza kukaa shuleni wiki moja akasema ndiyo au hapana? Ukiandika matarajio zaidi ya kumi, hakuna atakayeyakumbuka. Muundo uwe wa sehemu mbili, kama ifuatavyo.

Mwalimu: ataandika andalio la somo la ukurasa mmoja likionyesha mwanafunzi ataweza kufanya nini kipindi kikiisha. Shule: itampa azimio la kazi la kila ngazi, yaani mpango wa mada za msimu mzima, fomu ya andalio, na mahali tulivu pa kukaa akiandaa.

Mwalimu: atarudisha kazi za kuandika zikiwa zimesahihishwa kabla ya kipindi cha pili baada ya kuzipokea. Shule: haitampangia madarasa mawili ya uandishi katika msimu mmoja ikiwa kila darasa lina wanafunzi zaidi ya ishirini.

Mwalimu: atatoa taarifa ya kutokuja kazini saa tatu kabla ya kipindi. Shule: itakuwa na mwalimu wa akiba wa kila siku, anayelipwa posho hata asipoitwa.

Mfano wa mwisho ndio wamiliki hubishana nao zaidi, kwa sababu posho ya mtu ambaye hakufundisha huonekana kama hasara. Hata hivyo, bila mtu huyo, tarajio la kutoa taarifa halina maana: taarifa ikitolewa hakuna kinachobadilika, na wanafunzi wanarudishwa nyumbani vilevile.

Yapo matarajio machache yasiyohitaji maelezo marefu na yasiyo na mjadala. Mwalimu hapokei ada kwenye simu yake. Habaki chumbani peke yake na mtoto mlango ukiwa umefungwa. Hatumii fimbo wala adhabu ya kudhalilisha. Hawachukui wanafunzi wa shule kwa masomo ya faragha bila uongozi kujua.

Linalohitaji maelezo marefu ni matumizi ya Kiswahili darasani. Shule zetu zimezoea kibao cha kukataza lugha nyingine zote, na pengine faini ndogo kwa anayekikiuka, lakini mwalimu akifunga mlango hufanya anavyoona. Mimi napendelea kanuni inayoeleza ni lini. Katika ngazi ya kwanza, mwalimu aruhusiwe kutumia Kiswahili kuhakikisha kwamba maelekezo yameeleweka na kueleza kwa ufupi kanuni ya sarufi ambayo ingekula robo saa kwa Kiingereza. Asiruhusiwe kutafsiri kila sentensi anayoitamka, kwa sababu mwanafunzi ataacha kusikiliza sentensi ya kwanza akisubiri ya pili. Kuanzia ngazi ya tatu, Kiswahili kibaki kwa dharura. Upande wa shule hapo ni kuwafundisha walimu namna ya kutoa maelekezo mafupi ya Kiingereza yanayoambatana na vitendo, kwa maana mwalimu hukimbilia Kiswahili pale anapokosa njia nyingine.

Hatua ya 4. Panga utaratibu wa kuketi darasani mwa wenzako

Hapa ndipo waraka unapopata uhai au kufa. Tenganisha mambo mawili: kuketi darasani ili kumsaidia mwalimu, na kuketi darasani ili kuamua kuhusu mkataba wake. Ukiyachanganya, mwalimu atakuonyesha somo la maonyesho kila mara, na hutajua kamwe siku ya kawaida inaendaje. Anza kwa kuwaalika walimu waketi darasani mwako wewe mratibu, wakuulize maswali mbele ya wenzao, kisha ndipo uombe kuingia kwao.

Kabla ya kipindi, kaa na mwalimu dakika kumi umuulize anataka uangalie nini hasa. Ndani ya kipindi, keti nyuma, usimsahihishe wala kuchangia, hata ukisikia kosa la sarufi. Kumrekebisha mwalimu mbele ya wanafunzi ni kumvunjia heshima kwa namna ambayo mazungumzo ya baadaye hayataitengeneza. Andika ulichokiona pamoja na saa yake. "Saa 11:20, mwalimu anaeleza, wanafunzi wananakili; 11:34, swali la kwanza kwa mwanafunzi" ni maandishi yenye msaada. "Somo lilikuwa zuri lakini wanafunzi hawakushirikishwa" hayamsaidii mtu. Mkutane kesho yake isipite, mwalimu aanze kusema, na mwondoke na jambo moja tu la kubadilisha.

Shule nyingi hapa zina mwalimu mstaafu wa sekondari, mwenye Kiingereza kizuri na miaka mingi ya ubao na chaki, huku mratibu akiwa na umri wa mwanawe. Mratibu huyo atamwamkia shikamoo mlangoni, na saa moja baadaye anatakiwa kumwambia kwamba wanafunzi wake hawazungumzi. Njia inayofanya kazi ni kuweka mbele yake mchoro wa viti vya darasa wenye alama kwa kila mwanafunzi aliyesema sentensi kamili ya Kiingereza, na kumuuliza, "Mwalimu, wewe unaonaje?" Viti visivyo na alama vya safu ya nyuma vitaonekana bila wewe kuvitaja. Kisha umwombe yeye awafundishe vijana sarufi katika mafunzo ya ndani, maana wengi wao wanaihitaji.

Hatua ya 5. Weka saa moja ya mafunzo kila wiki

Siku ichaguliwe kwa uangalifu. Ijumaa mchana kuna swala, Jumamosi Wasabato hawafanyi kazi, nao ni wengi ukanda huu wa ziwa, na Jumapili kuna ibada. Jumatano kabla ya madarasa ya jioni humfaa karibu kila mtu.

Shule za serikali zina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, ambao walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya za kujifunza na kujadili changamoto zao wenyewe. Ni mfano mzuri wa kuigwa na shule binafsi ya lugha, kwa kuwa hauhitaji mgeni wa kulipwa. Mwalimu mmoja alete tatizo moja halisi. Wiki moja liwe la matamshi: Kiswahili kina irabu tano na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanafunzi hutamka "ship" na "sheep" sawasawa, na mkazo wa Kiingereza huuweka kama wa Kiswahili; ongeza mkanganyiko wa r na l, ambao kila mwalimu wa Kanda ya Ziwa amekutana nao. Walimu wasiishie kulalamika, watoke na zoezi la dakika tano.

Angalau mara moja kwa mwezi sahihisheni pamoja. Toa nakala za insha tatu, kila mwalimu aziwekee ngazi peke yake kwa kutumia mfumo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, kisha mlinganishe. Tofauti zitakuwa kubwa mwanzoni. Zoezi hili pia huilinda shule dhidi ya kishawishi chake kikubwa, yaani kumpandisha mwanafunzi ngazi kwa sababu amelipa ada ya ngazi inayofuata.

Hatua ya 6. Amua mapema kuhusu vyeti na nani anavilipia

Vyeti viwili vya Cambridge vya kufundisha Kiingereza ndivyo vinavyoulizwa zaidi. TKT ni mtihani wa maarifa ya ufundishaji. Moduli zake tatu za msingi zina maswali 80 kila moja kwa dakika 80, mwalimu anaweza kufanya moja moja, na hakuna kipimo cha kufundisha darasani. CELTA ni kozi ya angalau saa 120, ikiwemo saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi mbele ya mkufunzi. Kwa bajeti ya shule ndogo, ningeanza na TKT. Cheti cha intaneti kinachojiita cha saa 120 na kumalizika mwisho wa juma mmoja kisilipiwe hata shilingi.

Andika kiasi ambacho shule itachangia, muda ambao mwalimu atabaki baada ya kusomeshwa, na kitakachotokea akiondoka mapema. Yasiyo na gharama yaandikwe pia: British Council hutoa bure mtandaoni vifaa vingi vya walimu wa Kiingereza, na mchango wa shule hapo ni bando.

Hatua ya 7. Eleza kitakachofuata mwalimu asipofikia matarajio

Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri achunguze chanzo cha utendaji duni, atoe mwongozo, maelekezo au mafunzo inapohitajika, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha kazi. Ule upande wa pili wa waraka wako ndio huo. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, utaulizwa ulimsaidiaje, na jibu litakuwa kwenye kumbukumbu za mikutano ya mrejesho na mahudhurio ya Jumatano, au halitakuwepo. Kila mkutano wa aina hiyo uandikwe mistari mitano, usainiwe na wote wawili, na mwalimu apewe nakala.

Rasimu ya waraka isambazwe Februari, walimu wa muda wakiwemo, na wapewe wiki tatu za kuandika maoni kabla ya mtu yeyote kusaini. Maoni mengi yatahusu upande wa shule. Yajibuni kwa maandishi, moja baada ya jingine, na msiloliweza mwaka huu liondoeni pamoja na tarajio lake.