Msimu wa kwanza wa tenisi ya kulipwa: jinsi ya kuupanga

Wengi wanaotoka tenisi ya vijana huangushwa na kalenda kabla ya wapinzani. Huomba mashindano yaliyo juu ya kiwango chao, hutolewa raundi ya kwanza wiki nne mfululizo, na fedha ya msimu mzima hukata mapema.

Jisajili kwanza. Mashindano ya ngazi ya chini ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) hudai namba ya IPIN (namba ya utambulisho wa mchezaji), inayolipiwa ada kila mwaka. Kuna pia kozi ya lazima ya uadilifu inayofanyika mtandaoni. Imalize mapema, si usiku wa kuamkia safari. Kwa wasichana, mashindano ya kulipwa hayaruhusiwi kabla ya kutimiza miaka 14.

Ngazi za wanaume ni M15, M25, kisha Challenger. Wanawake huanza W15 na kupanda hadi W100. Usidanganywe na namba hizo: 15 ni dola 15,000 za mashindano yote, wala si za bingwa. Bingwa wa M15 katika mchezo wa mmoja mmoja huondoka na dola 2,160 hivi na pointi 15 za viwango vya dunia. Anayetolewa raundi ya kwanza hupata kama dola 156, kabla ya kodi, bila pointi hata moja. Piga bajeti ukichukulia kwamba zawadi itarudisha sehemu ndogo tu ya gharama. Ikizidi hapo, shukuru.

Maombi hufungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano, saa 8 mchana GMT. Kujitoa bila adhabu mwisho wake ni Jumanne, siku 13 kabla. Geuza saa hizo ziwe za mahali ulipo na uziandike ukutani, maana anayesahau kujitoa huadhibiwa kama aliyekusudia.

Kuchagua mashindano ndiko kwenye kazi. Fungua orodha ya waliokubaliwa mwaka uliopita katika mashindano yaleyale, uangalie mchezaji wa mwisho kuingia droo kuu (mashindano yenyewe) alikuwa wa ngapi katika viwango vya dunia. Ukiwa chini yake kidogo, omba. Ukiwa chini mno, utaangukia mchujo: mechi mbili au tatu za ziada kabla ya kugusa droo kuu, na miguu iliyochoka ikikutana na mtu aliyepumzika. Mchujo si aibu, lakini msimu wote wa mchujo huvunja mwili.

Panga safari kwa mafungu ya wiki tatu mahali pamoja. Monastir nchini Tunisia, Antalya nchini Uturuki na Sharm El Sheikh nchini Misri zimezoea kuandaa mashindano wiki baada ya wiki, hivyo nauli moja inakupa nafasi tatu. Baada ya hapo rudi mazoezini wiki mbili. Anayeunganisha wiki sita au saba huanza kulalamikia bega, na huduma yake ya kuanzisha mpira ndiyo hupungua nguvu kwanza.

Pointi hudumu wiki 52. ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume) na WTA (cha wanawake) huhesabu idadi fulani tu ya matokeo yako bora. Ukizivuna zote mwezi mmoja, zitafutika zote mwezi huohuo mwakani, kwa hiyo zitawanye. Kwa wanawake kuna sharti jingine: jina halionekani kwenye orodha ya WTA mpaka upate pointi katika mashindano matatu, au ufikishe pointi 10.

Cheza wawili wawili pia. Kuna orodha yake ya viwango na zawadi yake, na tayari uko pale.

Raketi ziwe nne, uzito mmoja. Raketi moja hula mita 11 hadi 12 za nyuzi, kwa hiyo bobini la mita 200 hutoa mara 16 hadi 18, nafuu kuliko pakiti mojamoja. Nyuzi za polista hulegea kabla hazijakatika. Ukiona mipira inapita mstari wa nyuma bila sababu, badilisha nyuzi kabla ya kubadilisha mkono. Penye mwinuko mkubwa mpira huruka mno, kaza kidogo. Kwenye baridi, legeza.

Dawa yoyote, hata ya mafua, ihakikishe kwenye orodha ya zilizokatazwa. Kosa ni lako hata kama ulipewa na daktari. Kubeti mechi ya tenisi, yako au ya wengine, ni marufuku kwa kiasi chochote. Ukifuatwa na mtu wa kupanga matokeo, toa taarifa: kunyamaza nako ni kosa.

Challenger ya kwanza iombe ukishazoea kufika nusu fainali za M25, na ubakize M25 nyingine wiki inayofuata. Ukitolewa Jumatatu, bado una mahali pa kutafuta pointi.