Bati likivuja, angalia msumari kwanza

Mwaka juzi masika yalipoanza, maji yakawa yanatona juu ya kitanda cha mama. Fundi niliyemwita alisimama uani, akatazama juu, akasema mabati manane yote yabadilishwe. Pesa ya mabati manane sina. Nikapanda mwenyewe. Kumbe misumari sita tu.

Tangu hapo kila mwezi wa pili, kaskazi ingali inavuma na kukavu, hulikagua paa letu hapa Wete, Pemba, mwenyewe.

Usitafute tundu sawasawa juu ya ndoo inayokinga matone. Maji yakishaingia huifuata papi, ule ubao unaopigiliwa bati, yakatona mbali na yalipoingilia, kwa hivyo angalia upande wa juu wa paa. Mchana ziba madirisha kuwe kiza, kisha tazama bati kwa ndani, tundu litang'aa. Chomoa uti mmoja wa ufagio wa chelewa, upenyeze hapo. Ukiwa juu utauona umesimama. Msumari uliolegea lakini hauoneshi mwanga. Huo utaujua kwa mchirizi wa kutu kwenye papi.

Nasubiri umande ukauke, maana bati bichi linateleza vibaya, lakini ikifika saa nne nimeshashuka, bati limekuwa kikaango. Mtu mzima anashika ngazi. Nakanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa kuwa chini yake mna papi. Palipopita waya wa umeme sisogei.

Sasa msumari. Hapa kwetu upepo wa chumvi unakula kofia yake, jua linaukausha mpira wa chini ya kofia, na upepo unalitikisa bati mpaka tundu linakuwa refu kama tundu la kifungo. Ukiugonga tena msumari ule ule umejisumbua bure. Ung'oe, huku umeweka kipande cha ubao chini ya nyundo bati lisibonyee. Tundu la kwenye papi lijaze kijiti kikavu, kigonge mpaka kikaze. Mie hukata viduara vya mpira kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, nikavivisha msumari mpya wa bati chini ya kofia. Gonga mpaka mpira ubane, basi; ukizidisha bati linabonyea na maji yanakaa papo hapo. Kisha paka lami juu ya kofia. Na msumari upigwe kwenye mgongo wa bati. Ukipigwa bondeni, maji yote ya paa yanapita juu yake. Ile sita yangu, minne ilikuwa bondeni, na aliyeezeka alijiita fundi.

Kitundu cha kutu kisugue kwa msasa, paka lami ya kopo, bandika kitambaa cha marekani kilichozidi tundu kwa vidole vinne kila upande, paka tena. Ikiwa ni kiraka cha bati, ncha yake ya juu iingie chini ya bati la juu yake. Bati linalomeguka ukilibonyeza kwa kidole halina dawa, libadilishwe.

Nikimaliza, mpwa wangu hukaa chumbani, mie juu na ndoo. Namwaga kuanzia ukingo wa chini, nikipanda kidogo kidogo. Ukianzia juu maji yanashuka kote, hutojua lipi linavuja. Akipiga kelele, "Shangazi, hapa!", naomba chelewa nyingine.