Ukichaguliwa kamati ya kanisa: orodha ya watu kwanza, funguo baadaye

Nimekuwa katibu wa baraza la wazee kwa vipindi kadhaa, na mjumbe mpya akiniuliza aanzie wapi, humwambia asikubali habari za jengo zitangulie kwenye ajenda. Paa likivuja kila mtu analiona, na kila mjumbe ana fundi wake wa kupendekeza. Mama aliyeacha kuja ibadani hana wa kumsemea. Kikao kikianza na mabati, majina ya wagonjwa yatasomwa watu wakiwa wameshasimama kwa sala ya kufunga.

Kwa hiyo baada ya yatokanayo, orodha ya watu. Yangu ina safu nne tu: jina, aliyemtembelea, tarehe, na kinachofuata. Safu ya ugonjwa haipo, na usiiongeze hata mwenyekiti akiomba. "Ametembelewa, anahitaji usafiri wa kwenda kliniki" inatosha. Yale mtu aliyomweleza mchungaji faraghani yabaki kwao wawili. Kazi ya kamati ni kuhakikisha kwamba aliyepaswa kufikiwa amefikiwa. Mjumbe akianza na "nasikia tatizo lake hasa ni...", akatishwe hapohapo. Kwa upole, lakini akatishwe.

Kwa wafiwa, wiki ya msiba haina shida, nyumba hujaa. Shida huanza viti vikisharudishwa. Mimi siku ileile ya mazishi huandika tarehe mbili kwenye kalenda: moja miezi 3 mbele, nyingine siku ya kutimiza mwaka. Kila tarehe ina majina mawili ya watakaokwenda, si neno "wazee". Kazi iliyoandikwa "wazee" haina mwenyewe.

Wala msimtwike mchungaji ziara zote. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuahidi kujitahidi zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu 7. Na mara moja kwa mwaka ulizeni kuhusu mchungaji mwenyewe: likizo yake ameichukua? Nani anamsikiliza yeye? Msikilizaji huyo bora atoke nje ya kanisa lenu, maana si rahisi kumlilia mtu anayejadili posho yako.

Sasa jengo. Wapo wanaodhani hiyo ni kazi ya watu wengine kabisa, kamati ya mafundi na wahasibu. Mwaka 1742 kule Bristol, Uingereza, Wamethodisti walikaa kujadili deni la jengo lao. Ikapendekezwa kila muumini atoe peni moja kwa wiki, na mtu mmoja awafuate wenzake 11 kukusanya. Waliopita nyumba kwa nyumba wakaanza kuona jinsi watu wanavyoishi, na John Wesley, kiongozi wao, akatambua kwamba huo ndio utaratibu wa uangalizi aliokuwa akiutafuta. Michango ya deni ikazaa vikundi vya malezi.

Kwetu ilikuwa ngazi. Muumini mmoja wa siku nyingi alitajwa kikaoni kuwa "amepoa kiroho". Waliokwenda kumwona walikuta magoti yamemchosha: ngazi za mlango mkuu hazikuwa na pa kushika, na aliona aibu kubebwa mbele ya watu. Jambo lake likahamia kamati ya majengo, likawekwa bomba la kushikilia na njia ya mteremko mlango wa pembeni. Tangu hapo, tukizunguka kukagua mifereji, nyaya na vyoo, tunazunguka na mtu mmoja kutoka kamati ya ziara.

Matumizi ya ukumbi yanataka kalenda moja na mtunzaji mmoja. Mchungaji asiahidi tarehe mlangoni baada ya ibada; amwelekeze mwombaji kwa mtunzaji. Fomu iulize nani atakuwepo mpaka mlango ufungwe, watu wangapi, na saa ngapi, pamoja na muda wa kupamba na kufagia, kwani hapo ndipo kwaya na wenye harusi hugombana. Andikeni mapema kipi kinatangulia kipi. Sisi ibada na mazishi vinasogeza vingine vyote. Amueni pia kuhusu mikutano ya siasa kabla kampeni hazijaanza. Mkisubiri mgombea aje na barua, jibu lolote litaonekana ni la upande fulani. Wakatoliki wana mpaka ulioandikwa: Kanuni ya 1210 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 huruhusu mahali patakatifu yale tu yanayohudumia ibada na uchaji, na matumizi mengine, yasiyopingana na utakatifu wa mahali, ni kwa kibali cha mwenye mamlaka kwa tukio husika. Kwenu huenda hakuna kanuni kama hiyo, basi itungeni.

Asiyeweza kulipia ukumbi asiombe msamaha mbele ya baraza zima. Wapeni watu wawili mamlaka ya kusamehe ada, muhtasari uandike tu "imesamehewa". Na mjumbe ambaye binti yake ndiye anayeolewa atoke nje ombi likijadiliwa.

Chumba cha ushauri kiwe na mlango wenye kioo: mazungumzo yasisikike, lakini watu waonekane. Darasa la watoto liwe na watu wazima wawili wasio wa nyumba moja. Hili halijadiliwi upya kwa sababu "tunamfahamu". Malalamiko ya kawaida yana njia yake katika Mathayo 18, mtu na mwenzake kwanza. Mtoto akidhuriwa, njia hiyo haitumiki. Peleka taarifa kwa mamlaka za serikali siku hiyohiyo. Kamati haina kazi ya kupatanisha hapo.

Funguo nazo zina daftari: namba, jina, sahihi, tarehe ya kurudisha. Kipindi kikiisha, makabidhiano yafanyike kwa kuhesabu, funguo moja moja mezani, pamoja na orodha ya ziara mkononi mwa katibu mpya. Ikionekana fundi wa rangi bado ana ufunguo, msimfuatefuate kwa simu. Badilisheni kitasa.