Kuitoa Timu ya Mtaani kwenye Ndondo na Kuiingiza Ligi ya Wilaya, Arusha

Timu nyingi za mtaani jijini Arusha, ziwe za Ngarenaro, Unga Limited au Sakina, huishi kwa ndondo, yaani mashindano ya mitaani yasiyo rasmi, na mabonanza ya kugombea mbuzi, ambako hakuna anayeuliza karatasi. Inayotaka kuingia kwenye mfumo wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) haina budi kuanzia ligi ya wilaya; zinazofanya vizuri hupanda ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa huenda kupambana kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambayo ndiyo mlango wa madaraja ya taifa.

Anzeni na katiba, jezi zitafuata. Klabu husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na afisa michezo wa halmashauri yenu atawaelekeza namna ya kuwasilisha maombi. Kifungu cha kuumizia vichwa ni kile cha umiliki wa mali, ingawa wengi hunakili tu katiba ya jirani na kubadilisha jina. Sisi tuliwahi kukiruka. Mfadhili alipokorofishana na kocha, alituma bodaboda jioni ya kuamkia mechi kuchukua begi la jezi, nasi hatukuwa na hata mstari mmoja wa kumwonyesha kwamba zilikuwa mali ya klabu.

Usajili wa wachezaji una dirisha lake, na likifungwa limefungwa. Siku ya mechi leseni hukaguliwa, picha ikilinganishwa na sura, kwa hiyo achaneni na mamluki wa kuvaa jina la mwenzake: ushindi wa namna hiyo hupokonywa mezani. Sajilini kikosi cha kutosha, maana mechi haiwezi kuanza ikiwa timu ina wachezaji chini ya 7, na vijana wa vibarua hawapatikani kila siku.

Vikinga ugoko ni vya lazima kisheria. Vijana wetu walizoea kukata maboksi na kuyachomeka ndani ya soksi, hadi mwamuzi mmoja alipoinama, akabonyeza soksi ya beki wetu wa kulia kwa kidole, boksi likajikunja, na beki akatolewa mstarini. Mkiwa na malalamiko baada ya mechi, yaandikeni na kuyawasilisha pamoja na ada yake ndani ya muda uliowekwa na kanuni za ligi, ambazo katibu anapaswa kuwa na nakala yake mkobani tangu mechi ya kwanza.