Kukagua Mlango wa Gereji: Kazi Yako na Kazi ya Fundi

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, mota imekufa." Nikifika, mara nyingi mota ni nzima, kilichokufa ni springi. Mota haikuundwa kubeba mlango. Yenyewe huusukuma na kuuvuta tu, na uzito, ambao kwa mlango mpana wa magari mawili unaweza kupita kilo 100, unabebwa na springi. Ukishalielewa hilo, utajua pa kugusa na pa kuacha.

Mwongozo huu ni wa ile milango ya vipande vilivyoungwa kwa bawaba, inayopanda kwenye reli hadi kulala chini ya dari. Fanya ukaguzi mara moja kwa mwezi, na ufuate mpangilio wake, kwa sababu hatua ya pili ina hatari kama hukumaliza ya kwanza.

Hatua ya 1: Tazama, usiguse

Funga mlango, ingia ndani, washa taa. Anzia juu. Kama springi imevishwa kwenye shafti iliyolala juu ya mlango, ifuate kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzima, mikunjo yake imebanana. Ikiwa imekatika, utaona pengo la upana wa vidole viwili au vitatu, na pengine utakumbuka ule mshindo mkubwa uliosikika usiku mkadhani kuna kitu kimeanguka.

Milango mingine ina springi mbili za pembeni, sambamba na reli za juu, ambazo hunyooka mlango ukifungwa. Hizi lazima ziwe na waya wa usalama unaopita katikati ya springi na kufungwa pande zote mbili. Springi ikikatika, waya huo ndio unaoizuia isiruke kichwani kwa mtu. Kama huuoni, mwite fundi hata kama mlango unafanya kazi vizuri.

Sasa shusha macho hadi pembe za chini za mlango, pale kebo (waya wa chuma unaounganisha mlango na springi) inapofungwa kwenye breketi, kile kipande cha chuma kilichofungwa mlangoni. Hapa chukua tochi na uiname. Ndipo maji na uchafu hukaa, ndipo kutu huanzia. Kebo nzuri ni laini mwili mzima, ila mbovu ina nyuzi nyembamba za chuma zilizochomoza, nyingine zimekatika kabisa, na rangi imegeuka kahawia palepale inapoingia kwenye breketi. Usiipitishie kidole kuhakikisha. Kwenye milango mingi bolti za breketi hiyo zimepakwa rangi nyekundu, na si kwa urembo: kebo inavutwa na springi muda wote, na ukilegeza bolti hizo breketi hufyatuka na nguvu yote hiyo.

Ukiona springi iliyokatika, kebo iliyochanika au mlango uliotoka kwenye reli, ukaguzi wako umeishia hapo. Nenda hatua ya 5.

Hatua ya 2: Pima mlango kwa mkono

Mlango ukiwa umefungwa hadi chini, vuta ile kamba ya dharura inayoning'inia kwenye reli ya mota, kwa kawaida ina kishikio chekundu. Sasa mota imeachana na mlango. Nasisitiza uwe umefungwa: ukivuta kamba mlango ukiwa juu, na springi imeshakata, hakuna kitakachouzuia kushuka wote kwa mkupuo.

Inua kwa mpini au kwa ukingo wa chini. Vidole visikae kamwe kwenye maungio ya vipande, maana mlango unapopinda maungio hayo hufunguka na kujifunga kama mdomo. Ufikishe katikati, kisha legeza mikono taratibu bila kuiondoa. Mlango wenye afya hubaki hapo, au husogea kidogo tu. Ukishuka kwa uzito, springi zimechoka. Ukipaa wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Na ukiwa mzito tangu unapoanza kuinua, usishindane nao, uache chini.

Kuna mteja aliyekuwa ameshabadilishiwa mota kabla ya kuniita, na mpya nayo ilikuwa inaguna na kuinua mlango kidogo tu kisha inasimama. Nilivuta kamba, nikamwambia ajaribu kuinua mwenyewe. Hakuweza. Hakuna aliyekuwa amevuta kamba ile kabla ya kumuuzia mota.

Hatua ya 3: Jaribu kinga za mota

Kama mlango umefaulu, urudishe kwenye mota. Laza ubao wa unene wa sentimita 4 hivi sakafuni, katikati ya mlango, kisha bonyeza kufunga. Mlango ukigusa ubao unatakiwa urudi juu. Ukiukandamiza, punguza nguvu ya kushuka kwa kufuata kitabu cha mota, ujaribu tena. Ukikataa tena, chomoa plagi ya mota, usiitumie mpaka fundi aione. Kosa ninalokutana nalo sana ni kinyume chake: mlango unasitasita, mwenye nyumba anaongeza nguvu ya mota hadi ufunge. Mlango wa namna hiyo hautatofautisha sakafu na mtoto.

Halafu kuna yale macho mawili ya umeme yanayotazamana pande mbili za mlango, yasiyozidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Marekani iliyafanya, au kinga nyingine ya aina hiyo, kuwa lazima kwa mota za majumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1993. Mlango ukiwa unashuka, pitisha mpini wa fagio katikati ya macho hayo. Lazima urudi juu. Kama mlango umegoma kufunga na taa ya mota inawakawaka, usikimbilie simu: futa vioo kwa kitambaa, nyoosha jicho lililogongwa na baiskeli, mpaka taa zake zitulie. Nimeona pia macho yaliyofungwa pamoja kwa utepe juu darini ili "yasisumbue". Hayo nayarudisha chini kabla sijafanya kazi nyingine yoyote.

Hatua ya 4: Kaza na paka mafuta

Chomoa plagi kwanza. Kaza bolti za bawaba na za vishikizo vya reli kwa spana. Usiguse bolti za breketi za chini, za breketi inayoshika shafti ukutani, wala skrubu za kwenye kichwa cha springi. Bawaba, beringi za magurudumu na mwili wa springi vipate silikoni ya kupuliza au grisi ya lithiamu kidogo. Ndani ya reli usipake kitu, futa tu.

Hatua ya 5: Kumwita fundi

Springi, kebo, breketi za chini, shafti, reli iliyopinda, mlango uliotoka relini: vyote hivi ni vya fundi. Springi ya mlango wa kimo cha mita 2.1 huzungushwa karibu mara saba na nusu ili ibebe mlango, na nguvu hiyo yote inabaki mikononi mwa anayeilegeza. Kuna fimbo maalum za kazi hiyo. Bisibisi si mojawapo, hata kama kwenye video imeonekana rahisi.

Wakati unasubiri, chomoa mota na uache mlango chini. Kama umekwama juu, mtu wala gari lisipite chini yake, na kamba nyekundu usiivute.

Kwenye simu mweleze upana na kimo cha mlango, springi ni za juu au za pembeni, ziko ngapi, na ulisikia nini. Zikiwa mbili, mwambie abadilishe zote. Springi nyingi hukadiriwa kufungua na kufunga mara 10,000, yaani karibu miaka 7 kwa mlango unaotumika mara nne kwa siku, na ya pili ina umri uleule. Kabla hajaondoka, rudieni hatua ya 2 pamoja, wewe ndiye uinue, kisha mlaze ule ubao tena, kwa kuwa baada ya springi mpya nguvu ya mota huhitaji kupangwa upya.